Nchi Ambako Maji ni Raia

Weka kikombe chini kwanza, usije ukajimwagia, maana hili hutaliamini. Kuna nchi mtoto wa miaka sita alilala ndani siku mbili amekufa. Sanda keshavishwa, kaburi limeshachimbwa, watu wa kuzika wapo nje wamekaa kwenye mikeka. Na hazikwi! Hazikwi kwa sababu kwenye karatasi kuna mstari haujajazwa. Mstari tu, jamani. Na kalamu ya kuujaza ilikuja kuishia mkononi mwa mtu aliyekuwa anapita zake, fundi cherehani, dada mmoja anaitwa Sikudhani.

Nchi yenyewe ni Kwetutu. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani ya simu, haitokei, na alivyofika huko tumwachie mwenyewe. Alichoitiwa ndicho kinachojulikana: vyerehani mia mbili vimekufa kwa kazi, vinataka fundi. Alipovifungua alikuta vyote vimeliwa meno mahali pamoja, kwa sababu vilikuwa vinashona kitu kimoja tu kutwa nzima. Utepe wa kijani. Kila aliyezaliwa Kwetutu anaufunga mkononi, akioga nao, akilala nao. Asiye nao ni mfikaji.

"Mfikaji ndo nani?" Sikudhani alimuuliza afisa wa mpakani.

"Mtu aliyefika."

"Basi na mimi mfikaji."

"Hapana dada. Wewe unapita. Anayepita hana shida. Mfikaji ni yule aliyefika, akapapenda."

"Hata akiwa na miaka kumi hapa?"

"Hata thelathini."

"Na nyie wa kwanza kabisa, mababu zenu, hawakufika?"

Afisa alimtazama muda mrefu, si kwa hasira, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Wao walikuwepo," akasema, akagonga muhuri: MPITA NJIA.

Akapangiwa kulala kwa Bi Somoe, mama mtu mzima, mfupi, mwenye kucheka na mabega. Bi Somoe alikuwa anaishi na mjukuu wake Mwatumu. Mama yake mtoto alifariki akimzaa, baba hajulikani yuko wapi, kwa hiyo dunia nzima ya yule bibi ilikuwa ni hicho kitoto chenye pengo la meno mawili, kinachouliza maswali hadi kinalala katikati ya swali.

Upande wa pili wa ua aliishi mzee Lugendo. Huyu ndiye mfikaji wa miaka thelathini. Alikuja na kamba na kapu la chokaa, akachimba kisima cha mtaa ule, na tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa anashuka kukisafisha kila mwezi. Sasa hapa sikiliza vizuri. Mkwetutu haingii shimoni akiwa hai. Ni mila yao. Shimo ni la maiti, mzima akishuka amejitakia. Hata mtoto wa Kwetutu akiangusha mpira mtaroni anausimamia juu anaulilia. Kwa hiyo visima vyote vya nchi ile, na makaburi yote, vilichimbwa na wafikaji. Na hilo halikuwahi kumsumbua mtu, hadi ilipoanza Jumuiya.

Jumuiya ya Majirani Wema. Ndiyo jina lake! Na ukiwaona utawapenda, hao watu. Hawana rungu, hawapigi kelele. Walianza kwa kugawa uji. Ukifiwa wanakuja na uji, ukiumwa wanakuja na uji, na wakati unakunywa wanakuuliza kwa upole kabisa: "Pole sana. Na unadhani ni nani kasababisha?" Ukisema hujui, wanakuambia usijali, tutakusaidia kukumbuka.

Katibu wao wa mtaa alikuwa kijana mtanashati anaitwa Rehani, sauti laini kama ya mtangazaji wa vipindi vya mapenzi. Yeye ndiye aliyempokea Sikudhani ofisini, akamwonyesha vyerehani. Pembeni kulikuwa na kabati kubwa la mafaili.

"Haya ya nini?"

"Visa," Rehani akasema, na kifua kikapanda kidogo. "Kila asubuhi saa kumi na mbili tunatuma Kisa cha Leo kwenye simu za watu. Ubaya aliofanya mfikaji fulani, mahali fulani. Mtu akipokea, anatuma kwa watu saba. Asipotuma, tunaona."

"Mnavipata wapi vyote hivi?"

"Wananchi wanaleta. Na wasiokuwa navyo, tunawapa. Si haki mtu kukaa bila kisa wakati wenzake wanavyo."

Sikudhani alidhani anataniwa. Jumamosi akaenda na Bi Somoe kwenye Baraza la Uji, ambako kila nyumba inatakiwa isimame iseme ilivyoumizwa wiki hiyo. Mwanamume mmoja alisimama analia kweli, machozi ya ukweli, akaeleza jinsi wafikaji walivyomchinjia mbuzi wake, mbuzi wa maziwa mwenye sikio moja. Watu wakapiga mapaja kwa uchungu. Sasa, Sikudhani siku mbili nyuma alikuwa mtaa wa juu kurekebisha vyerehani, na kule mama mmoja alikuwa amemlilia mbuzi huyo huyo. Sikio moja! Akamnong'oneza Bi Somoe.

"Huyo mbuzi hata mimi nilipewa mwaka jana," Bi Somoe akanong'ona, mabega yanatikisika kwa kucheka. "Nikamlilia hadi nikamzoea. Siku nyingine nakumbuka kumpelekea majani, halafu najiambia, we Somoe, hujawahi kufuga mbuzi."

Ikafika zamu ya visima. Maana watoto walikuwa wanaumwa matumbo mtaa hadi mtaa, na Jumuiya ilikuwa na jibu: wafikaji wanatia kitu majini. Wasafisha visima kumi na mmoja walikuwa wameshatajwa na kupelekwa Ng'ambo, kule kwenye bonde la chumvi, na Ng'ambo harudi mtu. Mzee mmoja mshona viatu akanyoosha mkono.

"Samahani, katibu. Kabla hatujawapeleka hao wasafishaji, watoto waliokuwa wanaumwa walikuwa wangapi?"

"Swali zuri sana, mzee wangu," Rehani akasema. "Umelisikia kwa nani?"

Watu wote wakageuza shingo. Mzee akakaa, akainua kikombe cha uji akanywa hadi ukaisha, na kikombe kikabaki pale pale mdomoni, hakukitoa hadi kikao kinafungwa.

Lugendo alikuwa amekatazwa kusogelea kisima, hatua arobaini, na kuingia kwa wazaliwa. Alichoweza ni kuongea juu ya ua.

"Somoe, chemsha maji. Usimpe mtoto maji mabichi. Kile kisima nakijua, sasa hivi chini ni tope na vyura waliokufa."

"Nitachemshaje, kaka? Wanaona moshi."

Kwa sababu kuchemsha maji lilikuwa kosa. Sheria ndogo namba tisa: maji ya Kwetutu hayana ugonjwa, anayeyachemsha anaitukana nchi na anafuata maneno ya wafikaji. Majirani Wema walikuwa wanapita vichochoroni wananusa. Moshi wenye harufu ya chakula, sawa. Moshi usio na harufu, wanabisha hodi.

Bi Somoe akapata akili. Akawa anakatia kitunguu ndani ya sufuria ya maji, kinanukia jirani hadi jirani, watu wanasema leo kwa Somoe kuna mchuzi. Maji yalikuwa salama kabisa. Ila yananuka kitunguu.

"Bibi, haya si maji, haya mchuzi uliosahaulika," Mwatumu akalalamika, amekunja pua.

"Kunywa, mama. Ni dawa."

"Dawa ya nini, mbona siumwi?"

"Ndo maana huumwi."

Aliyanywa siku nne. Siku ya tano, Jumapili, jua kali, watoto wanacheza kisimani, ndoo imetoka sasa hivi, maji ya baridi yanang'aa. Mtoto wa miaka sita. Wewe mwenyewe ungekuwa na miaka sita ungekataa?

Jumatatu akaanza kuharisha. Sikudhani alikaa naye asubuhi ile akimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kila akimeza kijiko kimoja yanatoka viwili. Lugendo aliruka ua mchana kweupe, kosa hilo peke yake lilimtosha kupelekwa Ng'ambo, akakaa chini kando ya kitanda amemshika unyayo mtoto.

"Babu Lugendo," Mwatumu akasema, sauti imekwisha, "kule chini kisimani kuna giza?"

"Kidogo tu. Ukitazama juu unaona mbingu, duara dogo hivi, kama sarafu."

"Huogopi?"

"Siku ya kwanza niliogopa. Halafu unazoea."

Jumanne kabla jua halijachomoza vizuri, Mwatumu akafa.

Bi Somoe hakulia kwa sauti. Alikuwa anafungua kile kiganja kidogo anakifunga, anakifungua anakifunga. Lugendo akachukua jembe akaenda makaburini, kwa sababu hakuna mwingine mtaani mwenye uwezo wa kushuka. Alichimba peke yake, kaburi fupi, kuta zimenyooka kama zimepigwa rula. Majirani Wema walimwona anachimba. Hawakumzuia.

Saa tatu Rehani akaja na uji.

"Shikamoo bi mkubwa. Pole sana. Pole mno." Akaweka bakuli. Akaweka na karatasi. "Tukimaliza hiki cheti cha chanzo, tunazika."

Hicho cheti kina mistari mitatu. Jina la marehemu. Jina la mfikaji aliyesababisha. Jina la shahidi asiye ndugu. Zamani ilikuwa karatasi ya Jumuiya tu, ya hiari, ya kumsaidia mfiwa aelewe. Halafu ikawa mazoea. Halafu siku moja ikawa sheria na hakuna anayekumbuka ni siku gani. Bila cheti, hakuna kuzika. Ukizika kwa kuiba, wanafukua.

Bi Somoe akaandika mstari wa kwanza. Wa pili akauacha.

"Kauawa na maji," akasema.

"Bi mkubwa, maji ya hapa ni raia," Rehani akasema kwa huruma kabisa. "Raia hamuui raia. Fikiria taratibu. Mtaani kwako amebaki mfikaji gani?"

"Unajua amebaki nani."

"Mimi siwezi kukutajia. Sheria inataka utaje mwenyewe, kwa hiari yako."

"Basi sitaji."

"Hakuna anayekulazimisha," Rehani akasema, akatoka, akakaa mkekani na wenzake.

Ikapita Jumanne yote. Ikapita Jumatano. Joto la nchi ile usiliombe. Majirani waliokuja kuomboleza wakaanza kuhama mkeka, kidogo kidogo, kuelekea upande wa upepo. Bi Somoe alibadilisha majani ya kuua harufu chini ya kitanda mara tatu, akapepea nzi kwa kanga hadi mkono ukavimba. Jumatano mchana alitoka nje mara moja tu, akawaambia waliokaa, "Nyie ndo mlikuwa mnampa maembe. Nyie." Wote wakatazama chini, na kila mmoja mkono umeshikilia utepe wake kama mtu anayejipima mapigo.

Alhamisi asubuhi Sikudhani akaenda ofisini mwenyewe.

"Andika jina langu hapo kwa msababishaji," akamwambia Rehani. "Mimi si wa hapa. Niandike mimi, nifukuze, mtoto azikwe."

"Dada fundi, wewe unapita. Sheria inataka aliyekaa."

"Sheria hiyo ina akili?"

"Ina muhuri," Rehani akajibu, na ndiyo mara pekee alipoonekana amechoka. Akafuta uso. "Unadhani mimi napenda? Mwanangu alikufa mwezi wa tatu. Tumbo hilo hilo. Niliandika jina la dobi wetu, na nilipoliandika, dada, nikalala. Nilikuwa sijalala siku tano. Sasa ukiniambia ni maji, unaniambia nini mimi? Kwamba nilimpa mwanangu mwenyewe kwa kikombe?"

Sikudhani aliporudi nyumbani akamkuta Lugendo amesimama uani, amevaa shati safi.

"Somoe, andika," Lugendo alikuwa anasema.

"Sitaandika."

"Mtoto anaharibika ndani humo. Mimi watanipeleka tu, leo au mwezi ujao. Nimebaki peke yangu, unadhani wataniacha niwe pambo? Bora niende na faida."

"Kaka, ulimbeba mgongoni huyu!"

"Ndo maana nakwambia andika."

Ikaenda hivyo, huyu anakataa, huyu anabembeleza, kama watu wanaogombea nani amlipie mwenzake chai, ila hapo katikati kuna roho. Mwisho Bi Somoe akashika kalamu. Kalamu haishiki mstari, Lugendo akaushikilia mkono wake kwa juu, wakaandika jina lake pamoja. Lugendo.

Ukabaki mstari wa shahidi. *Mimi niliyetia saini hapa nilimwona kwa macho yangu akitia kitu kisimani.* Shahidi asiye ndugu. Watu wa mtaa, wale wa mkekani, walishakuwa mashahidi kwenye vyeti vingine, na mtu haruhusiwi kushuhudia mara mbili. Wote walishatumika. Wote, mtaa mzima! Hakubaki mtu ila mpita njia.

Rehani akamkabidhi kalamu.

Sikudhani alisoma yale maneno mara nne. Akafikiria kuichana ile karatasi. Wangeleta nyingine. Akafikiria kwenda pale nje kupiga kelele, kuwaambia watu nendeni mkachungulie kisimani, ni vyura, ni tope. Lakini wale watu walikuwa wanajua. Hilo ndilo lililomzuia. Alikuwa ameziona nyuso zao siku mbili zile, na walikuwa wanajua, kama Rehani anavyojua, na kila mmoja ana mtoto aliyemzika na jina aliloliandika, na ukimwondolea lile jina atabaki na nini?

"Dada," Lugendo akamwambia, "usinionee huruma sasa hivi. Muonee huruma mwenye nzi."

Akatia saini.

Walizika saa kumi alasiri. Na hapa ndipo pa kushangaza kuliko kote, maana kwenye kaburi lazima awepo mtu wa kushuka ampokee maiti amlaze, na Mkwetutu haingii shimoni. Kwa hiyo walimwacha Lugendo ashuke. Muuaji aliyeandikwa kwenye cheti, wino haujakauka, ndiye aliyenyoosha mikono kutoka chini kumpokea Mwatumu. Akamlaza. Akamtengenezea kichwa. Alikaa kule chini muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akapanda mwenyewe, akajipangusa udongo magotini, akawapa mikono wakamfunga.

Ikabaki desturi moja. Mfikaji akiondolewa, mfiwa ndiye anayeanzisha ukelele, wengine wanaitikia, mpaka avuke. Mfiwa asipoanzisha, cheti kinatenguka. Yaani wanafukua.

Watu mia wakamgeukia Bi Somoe. Alisimama pale na udongo bado viganjani. Rehani akasema taratibu, "Bi mkubwa." Lugendo, amefungwa, akageuka kumtazama.

"Muuaji," Bi Somoe akasema.

Haikusikika hata hatua tatu. Lugendo akamwitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayemtia moyo mtoto aliyejibu kwa woga, akasubiri.

"Muuaji!" akasema tena, safari hii ikatoka, na watu mia wakaipokea, wanaume kwa wanawake, wakawa wanaiimba huku wanalia, wanalia kweli, barabara nzima hadi kwenye vumbi la kuelekea Ng'ambo. Sikudhani alikuwa katikati yao. Mdomo wake ulikuwa unachezacheza. Hadi leo ukimuuliza kama alipiga ukelele au hakupiga, anakuambia hakumbuki, halafu anainuka anaenda kufanya kitu kingine.

Aliondoka Kwetutu Jumamosi. Asubuhi hiyo, mtaa wa juu, walikuwa wamefiwa watoto wawili, na hakukuwa na mtu wa kuchimba. Hakukuwa na mfikaji wa kuandika pia. Rehani na wenzake walikuwa wamekaa ofisini na daftari la mtaa, wanasoma majina ya wazaliwa mmoja mmoja, wanaulizana huyu bibi yake alitokea wapi.

Wengi wakisikia hiki kisa wanamtukana Sikudhani. Sawa, ni rahisi, mko mbali, na hapo mlipo kuna upepo. Lakini hebu kaa wewe. Mtoto yuko ndani siku ya tatu. Mzee mwenyewe anakubembeleza. Bibi anapepea nzi kwa mkono uliovimba, anakutazama. Kalamu unayo wewe, na baada yako hakuna mwingine.

Ungefanyaje?